Ugonjwa Ulioondolewa Orodhani

1

Mpambanuzi alimuuliza Lutonja maswali kumi na tisa, na kumi na nane aliyajibu bila kusita.

Alikuwa amesimama katika chumba cha ndani cha Kituo cha Afya cha Mwalinha, kiganja cha kulia amekibandika kwenye kioo cha ukutani, kikombe chake cha mkojo kimeshamezwa na kishubaka kilicho chini ya kioo. Sauti ya mashine iliyomhoji ilikuwa ya mwanamume wa makamo, ikisema Kisukuma cha nyumbani kabisa. Waliomuunda Mpambanuzi walikuwa wamegundua kwamba wanaume wa bonde lile, wakiulizwa habari za chini ya mkanda kwa Kiswahili cha ofisini, hujibu nusu na kumeza nusu.

Unahisi moto ukikojoa? Ndiyo. Mkojo unakatika njiani? Mara nyingine. Unatoka usaha? Hapana. Korodani zinauma? Zinavuta tu, hasa nikiinama.

"Katika miezi sita iliyopita, umelala na mwanamke yeyote asiye mkeo?"

Lutonja aligeuza shingo akamtazama Daktari Elikana Kitundu aliyekaa kwenye stuli karibu na mlango.

"Mjibu tu, Baba Nyamizi," daktari akasema. "Humu tumo mimi na wewe na yeye."

"Sijalala. Tangu nimuoe Mbuke sijapata kulala na mwanamke mwingine."

Kwenye kioo mstari wa mapigo ya moyo ulipanda ghafla, ukashuka. Mpambanuzi akauhesabu. Dakika mbili zikapita, kisha majibu yakajipanga kutoka juu hadi chini, kila sababu na uzito wake: mawe kwenye kibofu, asilimia tisa, tezi dume kuvimba, kumi na mbili, maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo, nane, njia ya mkojo kusinyaa, saba. Na juu ya yote, kwa herufi nyekundu, kisonono sugu, asilimia sitini na nne.

Kisonono sugu kilikuwa ndicho kitisho cha miaka ile. Vijidudu vyake vilijificha ndani ya chembe za mwili, kwa hiyo hata kipimo cha vinasaba kilivikosa mara tatu kati ya kumi. Ndiyo maana Mpambanuzi hakungoja kuviona. Alipima dalili, akapima mapigo ya moyo, akaondoa sababu moja baada ya nyingine, na mzigo uliobaki akautwika ugonjwa uliobaki.

"Daktari, shikamoo yangu umeipokea, naomba na neno langu ulipokee," Lutonja akasema. Alikuwa mtu mrefu wa miaka thelathini na sita, na aibu ilikuwa imempinda mgongo. "Mkojo unaanza kutoka safi. Safi kabisa. Halafu mwisho wake ndipo yanakuja matone ya damu. Na huku chini, hapa katikati, ni kama nimekalia kokoto kutwa nzima. Ugonjwa wa zinaa ndivyo unavyokuwa?"

Matone ya damu mwishoni mwa mkojo Kitundu aliyajua kabla hajaujua udaktari. Utotoni mwake, wakichunga kandokando ya malambo, walikuwa wakipanga mstari kukojoa, na ambaye mkojo wake ulimalizika kwa damu alipigiwa makofi kwamba sasa amekuwa mwanamume. Yeye mwenyewe alipigiwa makofi hayo akiwa na miaka kumi na moja.

"Unafanya kazi wapi?"

"Kwenye skimu ya mpunga. Mashine zinapanda, mashine zinavuna, ila malango ya maji yakiziba magugu ni lazima aingie mtu. Nazama mpaka kifuani. Mwaka wa pili huu, lambo la Igoko."

Kitundu aliinuka akaenda karibu na kioo. "Mpambanuzi," akasema, safari hii kwa Kiswahili, "kichocho kina uzito gani kwa mgonjwa huyu?"

"Ugonjwa huo haumo katika orodha ya sababu," ukuta ukamjibu. "Uliondolewa miaka tisa iliyopita, baada ya bonde la Mwalinha kuthibitishwa kuwa halina maambukizi."

Hakuhitaji kuambiwa nani alithibitisha. Wakati ule yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi kilichozunguka vijiji arobaini na kimoja kupima mikojo ya watoto na kuokota konokono. Arobaini walivifikia. Cha Igoko barabara ilikuwa imekatwa na maji, tarehe ya sherehe ya uthibitisho ilikuwa imeshatangazwa, wageni walikuwa njiani. Kitundu aliandika sifuri mahali pa Igoko, akajiambia atarudi mvua zikikata. Mvua zilikata, na hakurudi.

Sasa kilichobaki kilikuwa ni kidole chake kubonyeza, kuyathibitisha majibu au kuyazuia. Kwa mujibu wa Sheria ya Wenza, majibu ya ugonjwa wa zinaa humfikia mke au mume wa mgonjwa kabla jua halijazama. Daktari ana haki ya kuyazuia, lakini sharti aandike sababu, na akizuia mara tatu kwa mwaka faili zake zote hufunguliwa na kukaguliwa. Kitundu alikuwa ameshazuia mara mbili. Mwaka na nusu tu ndio uliomtenga na kustaafu. Na sababu ambayo angeiandika ilikuwa moja: nashuku kichocho, Igoko.

Alitoka ukumbini akamkuta Nesi Zuwena akipanga dawa.

"Huyu mtu anaapa," akamwambia. "Ungekuwa wewe ungezuia?"

Zuwena hakuinua kichwa. "Mume wa mdogo wangu naye aliapa. Daktari wake akamtunzia siri. Mdogo wangu alipokuja kujua, kizazi kilikuwa kimeshaharibika. Mzee wangu, usiniulize mimi mambo ya kuzuia."

Neno lake lilikuwa la kweli, na Kitundu alilishika kama mtu aliyepewa ruhusa. Alirudi ndani. Lutonja alikuwa bado amesimama na kiganja chake kwenye kioo, maana hakuna aliyemwambia akitoe.

"Utachomwa sindano kwa siku saba," daktari akasema, macho yake yako ukutani. Kisha akabonyeza kuthibitisha.

2

Siku ya tatu asubuhi Mbuke alikuja mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, amevaa kitenge kilichopigwa pasi kama anakwenda kanisani. Alikuwa ameshapimwa na Mpambanuzi chumba cha wanawake, na majibu aliyashika mkononi.

"Daktari, mimi ni mzima," akasema kabla hajaketi. "Nimepimwa kila kitu. Safi."

"Ni jambo la kushukuru, Mama Nyamizi."

"Sikuja kushukuru. Nimekuja kuuliza." Akaketi, akaiweka karatasi mezani. "Mume wangu alianza kuona damu tangu kabla ya mavuno ya mwaka jana. Alinificha, lakini nguo zake nafua mimi. Mwaka mzima tumelala kitanda kimoja kama mke na mume. Ugonjwa huu mnasema unaambukiza kuliko mafua. Mimi umenipita wapi?"

Kitundu aliitazama ile karatasi. Mwanamke huyu, aliyeishia darasa la saba, alikuwa ameuliza swali ambalo yeye alikuwa akilikwepa kwa siku tatu.

"Kaka zangu wamefika jana," Mbuke akaendelea. "Wamepata habari, sijui nani kawaambia. Wanasema nifungashe. Nimewaambia nipeni siku moja, kwanza nikamuulize daktari, maana ule ukuta hauna uso. Wewe ndiye uliyethibitisha. Ukiniambia kuna uwezekano hata kidogo kwamba ni kitu kingine, nitarudi nyumbani nifungue mlango, kaka zangu waondoke. Ni hilo tu ninalolitaka."

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga. Nje mtu alikuwa akicheka na mtoto mchanga.

Kitundu angeweza kusema neno moja. Baadaye, katika siku nyingi za kuikumbuka saa ile, alilisema neno hilo kwa namna mia: kifupi, kirefu, kwa kunong'ona, kwa kupiga magoti. Lakini siku ile alifikiria faili, akafikiria sifuri, akafikiria jinsi watakavyomuuliza kwa nini alithibitisha Jumatatu na kukana Jumatano.

"Wakati mwingine unajificha," akasema. "Unaweza kukaa mwilini mwa mwanamke muda mrefu usionekane."

"Kwa hiyo ni huo."

"Mpambanuzi hukosea kwa nadra sana."

Mbuke aliitwaa karatasi yake akaikunja mara mbili, mara nne, mpaka ikawa kama kipande cha sabuni. "Haya. Ahsante, Daktari," akasema, akaondoka, akiurudisha mlango taratibu nyuma yake. Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafungasha, yeye na binti yao Nyamizi, na gari la kaka zake likawachukua kwenda kwao Bukene.

3

Sindano saba hazikumsaidia Lutonja. Alirudi mara moja kusema hivyo, Mpambanuzi akampandisha hadi asilimia sabini na nane kwa sababu ya usugu, akapewa sindano nyingine kali zaidi. Baada ya hapo hakurudi tena. Kambi ya skimu ilimhamisha chumba akakaa peke yake, wenzake wakawa hawachangii naye kikombe. Kitundu alimwona kwa mbali mara mbili sokoni, amekonda, anatembea amepanua miguu kidogo kama mtu mwenye jipu. Mara zote mbili daktari alibadilisha njia.

Mwaka na miezi miwili ukapita hivyo.

Halafu akaja Bruda Gaudensi. Huyu alikuwa mtawa wa misheni, fundi mwashi, mzee wa miaka sitini na mitatu mwenye mikono kama mbao. Alikuwa amekwenda Igoko kujenga upya ukuta wa lambo, miezi mitano ndani ya maji.

"Tumsifu Yesu Kristo, Daktari. Nimeleta aibu ya uzeeni. Nakojoa damu."

Bruda aliweka kiganja kwenye kioo. Mpambanuzi akauliza, bruda akajibu, na majibu yakatoka: kisonono sugu, asilimia sitini na moja. Pale panapoandikwa jina la mwenza, palibaki wazi, na ukuta ukawa unarudia kuuliza taarifa apelekewe nani.

Bruda alicheka hadi akakohoa. "Mwambie ampelekee Askofu." Kisha kicheko kikamkauka, akamtazama daktari vizuri. "Lakini wewe mbona hucheki? Mbona umekaa chini?"

"Bruda, shule ya misheni mna darubini? Zile za zamani, za kioo na mkono?"

"Zimo stoo. Za maonyesho."

"Niletee moja. Na wewe urudi nayo saa saba mchana, jua likiwa kichwani, ndipo ukojoe. Kabla ya kuja upande ngazi za mnara wa kanisa mara tatu."

Haya alifundishwa chuoni na mwalimu aliyekwisha kufa: mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana, na zaidi mtu akiwa ametoka kujitikisa mwili. Hakuna mashine iliyojua tena jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuifundisha.

Bruda alikuja saa saba, anahema, amekumbatia darubini iliyofungwa kwenye gunia. Kitundu aliuacha mkojo utulie, akachukua tone la chini kabisa, akaliweka kwenye kipande cha kioo cha darubini. Nesi Zuwena alimshikia taa. Daktari alizungusha kidude cha darubini kwa muda mrefu, ukungu ukaja, ukaenda. Kisha akaliona. Yai refu, angavu, lenye mwiba mmoja mkiani.

Alisogea ili Zuwena naye atazame. Nesi alitazama, akainua uso, akatazama tena.

"Ni nini?"

"Kichocho."

"Si mlisema kimekwisha?"

"Mimi ndiye niliyesema," Kitundu akajibu.

Zuwena akauliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu, "Na yule wa kwanza? Baba Nyamizi?"

4

Walimkuta Lutonja kwenye chumba chake cha peke yake, amelala kiubavu, miguu imevimba. Kwa siku mbili mkojo ulikuwa umemfunga kabisa. Kitundu alimwekea mpira wa mkojo pale pale, kisha gari la wagonjwa likawapeleka hospitali ya mkoa. Vidonge vya kichocho alivipata jioni ile. Vilikuwa vinne, vichungu, dawa ya siku moja, ya kale kuliko wote waliokuwa wodini. Viliua minyoo. Lakini kibofu kilikuwa kimeshakakamaa kama ngozi iliyoanikwa, mkojo ulikuwa umerudi nyuma ukazijaza figo, na figo ya kushoto ilikuwa imekufa. Daktari bingwa alisema mgonjwa ataishi. Mpira hautatoka tena.

Siku ya tano, Lutonja alipoweza kuketi, Kitundu alivuta kiti.

"Nina maneno ya kukwambia, Baba Nyamizi. Ukishayasikia, unaweza kuniita jina lolote."

Akamweleza. Hakuruka kitu. Alianza na barabara iliyokatwa na maji, akaja kwenye sifuri, akaja kwenye ile siku ya kiganja na kioo, na jinsi alivyojua; si kushuku, kujua. Akamalizia na Mbuke na ile karatasi yake.

Lutonja alisikiliza akitazama mfuko wa mkojo ulioning'inia pembeni mwa kitanda.

"Alikuja kwako?" akauliza mwishoni.

"Alikuja."

"Akakwambia atafungua mlango?"

"Alisema hivyo."

"Mimi nilidhani aliondoka tu. Nilidhani hakuuliza hata mara moja." Alipangusa uso kwa shuka, taratibu, kama mtu anayepangusa vumbi. "Mwaka mzima nimemchukia, Daktari. Nilikuwa nikilala namlaani. Na yeye huko analala ananilaani mimi. Ungeniua ingekuwa nafuu, wangenizika watu wanaonipenda."

Kitundu alibaki ameketi.

"Hiyo taarifa nyekundu mliyompelekea," Lutonja akasema, "kuna ya kuirudisha?"

"Ipo. Inaitwa marekebisho. Itatumwa ikishathibitishwa."

"Usimtumie ile. Anaishi na mtu mwingine sasa, nimesikia ana mimba. Asisomewe na simu mbele ya watu wa nyumba ile. Kama unamwambia, nenda na miguu yako. Na umwambie sikumwita arudi. Nataka kumwona Nyamizi tu."

Ripoti ya kosa lake Kitundu aliituma kesho yake, imeandikwa kwa mkono na kusainiwa. Leseni yake ikachukuliwa ndani ya wiki moja. Kichocho kikarudishwa orodhani, na Mpambanuzi alipopewa mafaili ya nyuma ayapime upya, alitoa majina tisini na sita ya wanaume wa Mwalinha ambao majibu yao yalibadilika. Nesi Zuwena aliyasoma yote kwa sauti, jina kwa jina. Alipomaliza alivua koti lake jeupe akatoka kukaa kwenye ngazi, na alipofuatwa akasema hakuna kitu, anataka hewa.

5

Bukene, Mbuke alimpokea Kitundu uani, hakumkaribisha ndani. Tumbo lilikuwa kubwa. Alisikiliza amesimama, mkono mmoja umeshika nguzo ya banda, na daktari alipofika kwenye lile neno kichocho, alifumba macho.

"Basi alikuwa anasema kweli."

"Alikuwa anasema kweli."

"Na wewe siku ile ulijua."

"Nilijua, Mama Nyamizi."

Kuku walipita miguuni mwao. Mbuke alisema bila kupandisha sauti, "Niliyatupa mashuka aliyolalia. Nilimkataza mtoto kusema neno baba. Alipolisema nilimchapa." Akanyamaza, akavuta pumzi. "Ungeninyamazia tu. Sasa nitaishi vipi na mtu wa watu humu ndani, ambaye hana kosa?" Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Afadhali nijue. Ila usiniombe msamaha, tafadhali. Sina mahali pa kuuweka."

Hakuomba. Alisema alilotumwa kusema, kwamba Lutonja hamwiti arudi, anataka kumwona binti yake. Mbuke aliingia ndani, akakaa muda. Alipotoka alikuwa amemshika mkono Nyamizi, msichana wa miaka kumi, amevalishwa sweta na amechanwa nywele, amebeba kikapu cha maembe makavu.

"Atarudi kesho na nesi, si na wewe," akasema.

Gari la kukodi lilijiendesha lenyewe, na Kitundu alikaa mbele bila kazi ya mikono. Nyamizi alikaa kando yake, kikapu mapajani. Walipita mashamba ya dengu, wakapita stesheni, na kwa nusu saa mtoto hakusema kitu.

"Baba anaumwa nini?"

"Kichocho. Ni minyoo midogo sana. Inamwingia mtu kwenye ngozi, inakwenda kukaa karibu na kibofu, inataga mayai. Ndiyo inayoleta damu na maumivu."

"Inatoka wapi?"

"Kwenye maji yenye konokono. Yeye alikuwa anazibua malango ili mpunga upate maji."

Nyamizi alifikiri. "Kwa hiyo hakufanya kitu kibaya."

"Hakufanya."

"Mama alikuwa anasema alifanya."

"Mama aliambiwa vibaya."

"Na nani?"

Mbele barabara ilikuwa imenyooka, tupu, na gari halikuhitaji kuongozwa na mtu yeyote.

"Na mimi," Kitundu akasema.

Mtoto alimtazama kwa muda, kutoka viatu mpaka mvi. Hakuuliza kwa nini. Alifungua mkanda, akakishika kikapu chake vizuri, akapenya katikati ya viti viwili akahamia nyuma, akajifunga tena huko.